Chupa Iliyotakiwa Kuwa Tupu

Ninyi mnaosaga majani kwa mashine ya umeme na kuyatia kwenye chupa zenye picha ya simba, nina neno nanyi. Juzi pale soko la Nakawa, hapa Kampala, nilimkuta kijana ana kipaza sauti begani, anatangaza kwamba dawa yake inaponya vidonda vya tumbo, presha, nguvu za kiume na kookolo ya mdomo. Kookolo ndiyo kansa kwa Kiganda. Yote hayo kwa chupa moja! Nikamuuliza, "Mwanangu, umejuaje?" Akanijibu kama vijana wa hapa wanavyowaita mabibi, "Jjajja, watu wanasema." Nikaenda zangu na mboga zangu. Lakini jibu lile lilinifuata mpaka nyumbani, kwa sababu mimi nilifanya kazi na mtu ambaye watu walisema mengi juu ya dawa yake, na yeye mwenyewe akakataa kusema.

Mimi ni Mariamu binti Ramadhani, Mnubi, wengi wananiita Mama Saidi. Shule niliiacha darasa la tatu. Miaka ile ya utawala wa jeshi nilikuwa msagaji wa majani katika chumba kimoja kule Nakawa, nyuma ya ofisi za serikali, chenye meza mbili, majiko mawili ya mafuta ya taa na chupa ambazo sijawahi kuona wingi wake tena. Mwenye chumba alikuwa Daktari Erasto Kabuye. Hakuwa daktari wa watu, alikuwa daktari wa majani. Alikuwa mwembamba, shati moja jeupe analifua kila jioni, na akikuuliza kitu anasubiri jibu kama mtu anayesubiri chai ipoe. Kazi aliyojipa ilikuwa kujua kama kuna jani lolote katika nchi hii linaloweza kupigana na kookolo ya mdomo.

Jani alilolichagua sitalitaja. Nawajua ninyi, mngeumaliza ule mti kabla ya Ijumaa.

Kwanza niwaambie nilivyoanza vibaya, mpate moyo. Wiki ya kwanza nilitaka aone kwamba mimi ni mwanamke safi, nikaosha kinu kwa sabuni niliyoitoa nyumbani. Kesho yake Daktari akatia unga wa gome kwenye maji, akatikisa, likapanda povu jeupe mpaka mdomoni mwa chupa. Mtu alifurahi! Kumbe kuna majani yenye povu la asili, na povu hilo wasomi wanalipenda. Akaandika kurasa mbili nzima. Mimi nimesimama pale na ufagio, nikasema, "Daktari, pengine ni ile sabuni." Akaweka kalamu chini. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mama Saidi, sabuni umeipata wapi?" Wahindi walikuwa wamefukuzwa, maduka yamebaki mbao tupu, na mwenyewe alikuwa hajaona kipande cha sabuni kwa mwezi mzima.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Habuba Zenabu. Habuba ni bibi kwa lugha yetu Wanubi. Alikaa Katwe, katikati ya mafundi wa bati na makelele ya nyundo, na watu walimfuata kwa dawa tangu kabla mimi sijazaliwa. Daktari alimfuata mwenyewe kwa miguu, akakaa mkekani kwake siku tatu kabla Habuba hajamwonyesha jani hata moja. Tangu hapo wakawa kama mume na mke wa zamani, kugombana kutwa. Daktari anapima kwa mizani, Habuba anapima kwa konzi. "Konzi yako na ya Mama Saidi hazilingani," anasema Daktari. "Na wagonjwa wanalingana?" anajibu Habuba.

Kwake nilijifunza kwamba jani la dawa haliwekwi juani. Jua linalikausha upesi na kuondoka na nguvu yake. Litandazeni kivulini juu ya mkeka, mligeuze asubuhi na jioni. Likivunjika mkononi kwa sauti, tayari, likijikunja, bado. Gome mchukue upande mmoja tu wa mti. Ukilizungusha gome mti mzima umeuvua nguo, nao utakufa. Na msichemshe gome kwenye sufuria ya chuma, maji yatageuka meusi kama wino. Mwanamke huyo aliishi kati ya mafundi wa chuma na nyumbani kwake hakuna sufuria ya chuma hata moja. Walikuwa wakimtania, "Habuba, unatunyima riziki!" Naye anawaambia, "Tengenezeni chungu cha udongo, nitanunua."

Spiriti ya maabara ilipokosekana, tulitumia waragi, pombe kali ya kienyeji. Mimi ndiye niliyekuwa naijaribu kwa kiberiti, kwani waragi nzuri inawaka moto wa buluu bila moshi. Jani linalowekwa ndani ya waragi siku saba linaachia vitu ambavyo maji hayawezi kuvitoa. Tulichuja kwa kitambaa cha marekani, mara mbili, tukaweka kwenye chupa za kahawia ili mwanga usiiharibu.

Jambo la mwisho la kazi, halafu niingie kwenye hadithi. Daktari alikuwa na daftari la wagonjwa wanaokuja kusukutua mdomo kwa dawa. Siku moja akalichoma jikoni, mbele yangu. Siku hizo majina yakiandikwa mahali, wanaume wa serikali wanakuja na orodha kuwachukua watu. Akaniambia, "Mama Saidi, kuanzia leo daftari ni kichwa chako." Ndiyo maana mpaka leo nawakumbuka: Kristofa Lubega mwenye jino la dhahabu, Anjelina Akello, Haji Musa Kenyi, Temu wa reli, wote. Na Habuba akaongeza ujanja wake. Kila mgonjwa alikuwa na kiberiti kitupu, na kila mwezi Habuba anatazama kidonda, anachagua punje inayolingana nacho, anaitia ndani. Kiberiti hakina jina. Mimi ndiye ninayejua ni cha nani.

Basi akaja Koplo Lazaro Otim. Alikuwa Mwacholi, mrefu, mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi. Chini ya ulimi, upande wa kulia, alikuwa na baka jeupe lenye kidonda katikati kisichopona. Habuba akamwambia afungue mdomo, akakitazama, akakigusa kwa kidole, akatoa mkono.

"Hiki kigumu chini," akasema. "Hiki siyo changu. Mwanangu, nenda hospitali wakikate."

Lazaro akacheka. "Wanikate ulimi? Habuba, mimi nakula kwa mdomo mara mbili. Ugali, na tarumbeta."

"Bila ulimi wote utapiga ngoma. Ukifa utapiga nini?"

Lakini kicheko chake kilikuwa na kitu kingine nyuma. Hospitali lazima upeleke barua ya kazini, na barua inaandikwa jina, na jina lake lilikuwa linasema kwao ni wapi. Katika bendi yao Waacholi na Walangi, makabila ambayo wakubwa waliyashuku, walikuwa wameanza kuitwa ofisini mmoja mmoja, na viti vyao vinabaki vitupu. "Mimi sitaki karatasi yoyote inikumbuke," alisema.

Daktari akampa dawa ya kusukutua. Akamwambia wazi: hii itatuliza maumivu na kuondoa harufu, zaidi ya hapo sijui. Lazaro akauliza, "Na lini utajua?" Daktari akamweleza. Alikuwa na rafiki Nairobi, Daktari Wanjiru, mwanamke mwenye mashine za kukuza chembe za kookolo ndani ya vioo. Angempelekea chupa, yeye adondoshe dawa kwenye kioo, waone kama chembe zitakufa.

"Basi nitangoja," akasema Lazaro. "Kama jani linaua, kisu cha nini?"

"Usingoje," akasema Daktari.

"Nitangoja, Daktari."

Chupa zilikuwa mbili. Ya kwanza jani na waragi. Ya pili Daktari aliijaza waragi, akaandika namba, akaniambia, "Hii ni tupu. Zifunge kwa gazeti vizuri, mpe Barasa." Barasa alikuwa mfanyakazi wa meli ya mabehewa pale Port Bell, akizivusha mpaka Kisumu, na kule ndugu yake wa treni anazichukua. Daktari akaenda wizarani kugombania mafuta ya taa, mimi nikabaki na chupa.

Sasa wajukuu zangu, nyumbani kwetu chombo hakitoki kitupu. Jirani akikuletea bakuli la supu, hulirudishi hivi hivi; utatia tende, utatia hata chumvi. Nikaitazama ile chupa ya pili. Mwanamke msomi, Nairobi kule, apelekewe pombe tupu kutoka kwetu? Atasema Waganda wamelewa? Nikaona aibu kwa niaba ya Daktari. Nikafungua chupa ya kwanza, nikammiminia vijiko vinne kwenye ya pili. Chupa ni za kahawia, rangi haionekani. Nikafunga vizuri kwa gazeti, nikafurahi nafsini mwangu kwamba nimemstiri bosi.

Miezi mitatu ikapita. Lazaro anakuja, anasukutua, anasema maumivu yamekwisha kabisa. Nami nilimfurahia, nikamwambia, "Unapona, Koplo!" Mungu anisamehe neno hilo. Habuba alitia punje tu kwenye kiberiti.

Barua ikaja. Daktari aliisoma amesimama, kisha akaisoma ameketi. Chembe zilikufa katika vioo vya chupa ya kwanza. Na katika vya chupa ya pili zilikufa pia.

"Basi ni waragi," akasema. "Miaka minne nimekuwa nachemsha majani, na inayoua ni pombe." Akaanza kukusanya karatasi zake, anazipanga vizuri, kama mtu anayefunga mizigo ya marehemu.

Nikauliza, "Daktari, ile chupa ya pili... ilitakiwa iwe tupu kabisa?"

Akageuka.

Nikawaza haraka, na haya nawaambia kama yalivyokuwa. Nikinyamaza, Lazaro ataambiwa jani halifai, ataenda kwenye kisu, pengine atapona. Nikisema, atapata tumaini, atakaa kungoja chupa nyingine, na kile kidonda kitamla. Na upande wa pili ni huyu mtu na miaka yake minne. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikamweleza yote, aibu, vijiko vinne, na bakuli la jirani.

Nikangoja anifukuze. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Yaani Mama Saidi, ulikuwa unamkirimu Daktari Wanjiru!" Akafuta macho. "Kosa ni langu. Nilikwambia ni tupu, sikukwambia kwa nini. Tupu ndiyo shahidi. Bila shahidi, hatuwezi kujua nani ameua." Tangu siku hiyo hajawahi kunipa kazi bila kunipa sababu yake, nami nawaomba ninyi wenye vijana chini yenu mfanye hivyo.

Lazaro akaja saa nne, amevaa nguo za kiraia, anataka jibu. Habuba alikuwepo. Nilimvuta Daktari pembeni, nikamnong'oneza, "Mwambie halifai. Mwambie ni pombe tu. Aende hospitali."

Akanijibu kwa upole, "Nikimdanganya leo kwa faida yake, kesho atakuja mwingine nimdanganye kwa faida yangu." Akamgeukia Lazaro. "Koplo, tumeharibu jaribio. Sijui kama jani linaua. Lazima nianze upya."

Uso wa Lazaro uling'aa, kama nilivyoogopa. "Kwa hiyo huenda linaua! Basi nangoja. Hata siumwi tena."

"Chupa itangoja," Daktari akasema. "Kidonda hakitangoja. Hata likiua kwenye kioo, mdomo wako si kioo. Jani silijui. Kisu nakijua."

"Lakini siumwi!"

Hapo Habuba Zenabu akasema, "Mama Saidi, lete kiberiti cha huyu." Nikaleta. Akamwaga punje kwenye kiganja cha Lazaro, akazipanga kwa kidole. Mtama. Kunde. Haragwe.

"Maumivu ndiyo yaliyoondoka," akamwambia. "Mwenye nyumba yumo, ananenepa."

Lazaro alizitazama punje zile. Akafunga ngumi. "Na jina?" akauliza. "Nitawapa jina gani?"

"La mwanangu," Habuba akasema. "Abdulrahmani. Nilimzika mdogo, jina lake halijatumika sana."

Ndivyo tulivyofanya. Wanubi siku zile hatukuulizwa sana, maana wenye bunduki wengi walikuwa watu wetu, hilo sitalificha, na Habuba aliamua kulitumia. Tulimvika Lazaro kofia na kanzu, kanzu ikambana kifuani, miguu inaonekana. Alichukua likizo yake kazini, akaingia hospitali kama mtoto wa mwanamke wa Katwe. Njia nzima nilimfundisha, "Wewe nani?" "Abdulrahmani." "Baba yako?" "Marehemu Faraji." Tulipofika wodini nesi akaita, "Abdulrahmani!" Lazaro akageuka nyuma kumtafuta. Habuba alimkanyaga kidole cha mguu.

Na siku ya kupasuliwa, wanamsukuma kwenye kitanda, mwenyewe akasahau, akafanya ishara ya msalaba, kipaji cha uso, kifua, bega na bega. Nesi mkuu, Sista Batuli, alikuwa amesimama palepale.

"Anafukuza nzi," Habuba akasema.

Sista Batuli akamtazama Habuba, akamtazama Lazaro. "Banange, jamani," akasema, "kumbe hata nzi wa wodi hii wamebatizwa." Akakisukuma kitanda mwenyewe, na hakulizungumza jambo hilo tena.

Walikata kipande cha ulimi upande wa kulia na nyama ya chini yake. Siku nyingi alikunywa uji kwa mrija wa mpapai, hasemi. Akiwa bado amelala, habari ikaja kwamba wawili zaidi wa bendi wameitwa ofisini. Kambini hakuweza kurudi. Barasa akasema mabehewa yanavuka Alhamisi, yeye atamweka kati ya magunia ya kahawa mpaka Kisumu.

Alhamisi asubuhi tulipanda gari bovu la Daktari, Habuba mbele, mimi na Lazaro nyuma. Karibu na Luzira, upande wa gereza, tukakuta kizuizi. Mnajua wanajeshi wa vizuizi walivyokuwa wakifanya: wanakusemesha. Si karatasi wanazotaka, wanataka kusikia ulimi wako umetoka wapi. Wengi walisalitiwa na herufi moja. Askari akainama dirishani.

"Wewe, mrefu. Jina yako nani?"

Lazaro hakuwa ametamka neno tangu apasuliwe. Nilikuwa tayari kumjibia, Habuba akanikata jicho. Lazaro akafungua mdomo.

"Abdu-lahmani."

"Nani?"

"Abdulahmani wa Falaji. Natoka hospitali, bwana mkubwa, natafuta hewa ya ziwa, nilale vizuli."

Hakuna r hata moja. Ulimi uliobaki haukuweza kuifikia. Na katika mji huu ambao nusu ya watu l na r kwao ni kitu kimoja, askari yule alisikia tu mtu wa Kampala. Uacholi wake wote ulikuwa umebaki kwenye sahani ya mpasuaji.

"Muganda huyu," askari akamwambia mwenzake, anacheka. "Anasema vizuli! Pita, mzee."

Daktari akaendesha moja kwa moja mpaka tulipoona meli. Lazaro akashuka, akamshika mkono, akauliza, "Daktali, na lile jani?"

"Bado sijui, ndugu yangu."

Lazaro akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kitu kizuri. Akaingia kati ya magunia.

Tulizipeleka upya zile chupa. Safari hii niliishika ile tupu kama yai. Mvua za vuli zilipoanza, Daktari Wanjiru akajibu: waragi peke yake haikuua, kwa kipimo kile. Jani liliua. Nilipiga vigelegele mpaka makarani wa ofisi za mbele wakaja kuchungulia. Daktari alichukua kalamu akaandika mstari mmoja tu, nikamwomba anisomee: *Kwenye kioo, linaua. Kwenye mdomo wa mtu, sijui.* Wanaume wakubwa walikuja baadaye wakitaka atangaze redioni kwamba nchi yetu imepata dawa ya kookolo, ingempendeza mkubwa wa nchi. Akawasomea mstari uleule. Walimnyima mafuta ya taa miezi sita, tukachemsha kwa kuni.

Wiki ileile ya barua, Barasa alikuja kutoka Kisumu ana salamu. Lazaro, akasema, amekula nyama. Nyama ya kuchoma, ya mbuzi, kaitafuna mwenyewe.

Daktari Kabuye akasimama. Barua ya Nairobi ilikuwa mezani, aliisukuma pembeni. "Alitafuna upande gani? Hata ule waliokata?"

Barasa akamshangaa. "Daktari, mimi nilimwona anakula. Sikumkagua."

"Nenda kaulize."

Na Barasa, safari iliyofuata, alivuka ziwa akauliza, akarudi mpaka Nakawa kwa miguu kuleta jibu: pande zote mbili.